Namba Tatu wa Swindon

Hotuba iliyotolewa kwenye hafla ya kufunga ligi ya vijana chini ya miaka 17. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wazazi na makocha ambao hawakuweza kufika. Picha na video zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa chama cha soka cha wilaya, makocha wenzangu, wazazi, na nyie wadogo zangu mliokaa hapo mbele na jezi zenu. Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini na mwenyekiti ameshanikodolea macho, kwa hiyo sitazunguka. Nani hapa anaijua Swindon Town?

Naona mikono ya akina kaka kule nyuma, na naona wanacheka. Wanacheka kwa sababu wameijulia kwenye mkeka. Jumamosi mtu anaweka Arsenal, anaweka City, halafu ili hela iongezeke anachomeka Swindon, anachomeka Port Vale, anachomeka Accrington, timu ambazo hajawahi kuziona zikicheza hata dakika moja. Jioni mkeka umechanika, na anayetukanwa ni Swindon! Mama zangu, tulieni, sikuja kuhamasisha kubeti. Nimekuja kumzungumzia mtu mmoja aliyeichezea timu hiyo, ambaye naamini hakuna kijana hapa aliyewahi kulisikia jina lake.

Anaitwa John Trollope. Alicheza namba tatu. Mnaonifahamu mnajua kwa nini nimemchagua beki wa kushoto. Alizaliwa mwaka 1943 Wroughton, kijiji kilicho jirani na mji wa Swindon. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 1960 dhidi ya Halifax Town, akiwa na miaka 17. Umri wenu huo. Mechi yake ya mwisho aliicheza mwaka 1980. Katikati hapo alichezea klabu ngapi? Moja. Alicheza mechi ngapi za ligi? Mia saba na sabini. Semeni wote: mia saba na sabini. Ukiweka na za makombe, zinafika 889.

Na wala hakuwa akicheza ligi mnayoitazama kwenye vibanda umiza. Miaka mingi kati ya hiyo Swindon ilikuwa daraja la tatu. Ikapanda la pili, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena. Daraja la kwanza, ligi kuu ya Uingereza ya wakati ule, Trollope hakulicheza hata siku moja.

Swindon ni mji wa reli. Waliokulia Tabora au Morogoro watanielewa haraka: karakana, king'ora cha asubuhi, nyumba za wafanyakazi zilizojipanga mstari, na Jumamosi mpira. Karakana zile zilijenga vichwa vya treni kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka huo huo wa 1960, Trollope anapoanza kucheza, ndipo pale Swindon kilipotoka kichwa cha mwisho cha mvuke kilichojengwa kwa ajili ya reli ya taifa ya Uingereza. Walikipa jina Evening Star. Ule ulikuwa mji unaoona kazi yake kuu inaanza kuondoka, na watu wake bado wanajaa uwanjani County Ground.

Kocha wa wakati ule, Bert Head, alifanya jambo ambalo makocha wetu hapa wangeliogopa. Hela ya kununua wachezaji hakuwa nayo, akawapanga watoto. Si mmoja kwenye benchi ili picha ipendeze. Aliwapanga kundi zima kikosi cha kwanza. Mmoja wao alikuwa Mike Summerbee. Mwingine Ernie Hunt. Mwaka 1963 watoto hao waliipandisha Swindon daraja la pili, kwa mara ya kwanza tangu klabu iundwe. Miaka miwili baadaye timu ikashuka, na mnajua timu ikishuka kinachotokea. Summerbee akachukuliwa na Manchester City, mwaka 1968 akawa bingwa wa Uingereza, akaitwa na timu ya taifa. Hunt akaenda Wolves.

Trollope akabaki.

Sasa wadogo zangu, najua mnachofikiria. Mnafikiria, huyu mzee anataka kutuambia tusiwe na tamaa ya kwenda mbali. Hapana. Summerbee alifanya vizuri kuondoka, na kesho skauti akija hapa na karatasi halali nitakuwa wa kwanza kukupeleka kituo cha mabasi. Ninachotaka mkiangalie ni kazi ya yule aliyebaki, kwa sababu wengi wenu, mkipata bahati ya kuishi kwa mpira, ndiyo mtakayoifanya. Hakuna anayewaambia hivyo. Sisi makocha hatuwaambii kwa sababu tunaogopa mtakata tamaa. Wazazi hawawaambii kwa sababu na wao wanaota.

Kazi yenyewe, kwanza kabisa, ni kuwepo. Kuanzia Aprili 1961 hadi Agosti 1968 Trollope hakukosa mechi hata moja, ziwe za ligi au za makombe. Mechi 368 mfululizo. Msimu wa daraja la tatu una timu 24, maana yake mechi 46, na nyingine zinapigwa Januari, tope linafika kwenye vifundo na mpira wa ngozi ukinywa maji unakuwa mzito kiasi kwamba ukiupiga kichwa unauhisi mpaka Jumatatu. Kitu kingine: katika ligi ya Uingereza wachezaji wa akiba waliruhusiwa mwaka 1965 tu, tena mmoja, tena mpaka mtu aumie. Kabla ya hapo ukichubuka umechubuka. Ukiteguka unasukumwa pembeni uchechemee hapo hapo hadi filimbi. Sehemu kubwa ya zile mechi 368 zimechezwa katika hali hiyo.

Mlolongo ule ulikatwa na nini? Kushuka kiwango? Ugomvi na kocha? Alivunjika mkono.

Kuna kijana hapa, simtaji, alikosa mechi ya nusu fainali kwa sababu njumu mpya zilimbana. Mnacheka nini? Anajijua.

Jambo la pili lina jina la mtu, naye ni Don Rogers. Huyu ndiye nyota mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Swindon. Namba kumi na moja, winga wa kushoto, mbio, chenga, magoli. Leo County Ground kuna jukwaa zima lenye jina lake. Na mimi naomba makocha wanisaidie kuwaeleza vijana: winga wa kushoto mwenye kipaji cha namna hiyo akishapanda, nani anabaki na eneo lote nyuma yake? Namba tatu. Mpira ukipotea, nani anakutana na winga wa wapinzani na namba mbili wao aliyepanda, wawili kwa mmoja? Namba tatu. Kwa misimu kadhaa mtu wa kubaki nyuma ya Don Rogers alikuwa Trollope.

Niwapeleke Wembley, Machi 15, 1969, fainali ya Kombe la Ligi. Upande mmoja Arsenal, timu ya daraja la kwanza. Upande wa pili Swindon, daraja la tatu. Watu 98,189 uwanjani. Uwanja umeharibika kwa mvua, katikati hakuna majani, ni tope jeusi. Arsenal wiki chache nyuma walikuwa wameugua mafua, wachezaji kadhaa kwa mpigo. Hilo tutaliona umuhimu wake baadaye kidogo.

Kipindi cha kwanza beki wa Arsenal, Ian Ure, na kipa wake Bob Wilson wanashindwa kuelewana, mpira unaachwa, Roger Smart anaukuta karibu na mstari na kuusukumia ndani. Moja bila, Swindon. Kuanzia hapo Arsenal wakahamia golini kwa Swindon. Kipa Peter Downsborough aliokoa kila kitu, na mabeki wake wakawa wanatupa miili. Zimebaki dakika nne Bobby Gould anasawazisha kwa kichwa. Moja moja. Timu ndogo imeshikilia bao tangu kipindi cha kwanza, inanyang'anywa mwishoni, mbele ya karibu watu laki moja. Waliocheza mpira hapa wanajua miguu inavyokuwa wakati huo. Ni kama umevaa gunia la mchanga.

Dakika thelathini za nyongeza. Na hapa sasa yale mafua yanadai chake. Arsenal wamekwisha. Rogers anafunga la pili kutokana na kona. Kisha mwishoni kabisa, Arsenal wote wamepanda kutafuta la kusawazisha, Rogers anapata mpira karibu na katikati ya uwanja na kukimbia nao peke yake, tope na yote, anampita Wilson, anauweka wavuni. Tatu moja. Tafuteni goli hilo mkifika nyumbani, bando halitapotea bure.

Mkilitazama, fanyeni kitu kimoja kwa ajili yangu. Kabla Rogers hajakimbia, isimamisheni video. Muulizeni baba au kocha: Arsenal imeshambulia dakika ngapi kushoto kwa Swindon, na mpaka dakika ya mia na kumi na tisa kwa nini bado Swindon wako mbele? Rogers aliweza kuhifadhi pumzi za kukimbia vile kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma yake aliyekuwa anakimbia kwa niaba yake.

Msimu huo huo Swindon ikapanda daraja la pili. Na zawadi ya kombe? Bingwa wa Kombe la Ligi alistahili nafasi kwenye Kombe la Fairs huko Ulaya. Swindon wakanyimwa, kwa sababu walikuwa timu ya daraja la tatu. Mnaona mambo hayo hayakuanzia kwetu! Wakatafutiwa mechi mbili na Roma ya Italia kama kifuta jasho. Kule Rome wakafungwa mbili kwa moja. Waliporudiana Swindon, timu ya mji wa karakana ikaipiga Roma nne bila. Mwaka uliofuata wakaenda Naples kucheza na Napoli fainali ya kombe la timu za Uingereza na Italia, na wakawa wanaongoza tatu bila mashabiki walipoanza fujo, mwamuzi akaimaliza mechi dakika ya 79. Kombe likaenda Swindon. Namba tatu alikuwa anayaona yote hayo kutoka mahali pake pa kila siku.

Sasa nigeukie meza kuu, na naomba radhi kabla. Nimewasifu watu wa kudumu, na viongozi mmekuwa mkitikisa vichwa kwa kuridhika. Nimewaona. Mnapenda sana hadithi ya mchezaji mwaminifu. Lakini kubaki kwa wachezaji wa zamani kule Uingereza hakukuwa mapenzi matupu, na tusiwadanganye hawa watoto.

Trollope alipoanza, mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo. Awe nyota, awe wa kawaida, klabu haikuruhusiwa kumlipa zaidi ya paundi 20 kwa wiki, na kiangazi ligi ikisimama, paundi 17. Kikomo hicho kilifutwa Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia mgomo. Fulham wakampandisha Johnny Haynes hadi paundi 100 kwa wiki, nchi nzima ikashangaa. Hilo la mshahara likawa limeisha. Likabaki jingine zito zaidi. Mkataba wako ukiisha, klabu ilikuwa na haki ya kukushikilia. Haikulazimika kukupa mkataba mpya unaoutaka. Haikulazimika kukuachia. Iliandika tu jina lako kwenye orodha ya waliobakizwa, na hakuna timu nyingine ya ligi iliyoweza kukugusa.

Nani alilivunja hilo? Mchezaji anayeitwa George Eastham. Alikuwa Newcastle, akataka kuondoka, wakakataa. Akagoma. Akahamia upande wa kusini akafanya kazi ya kuuza bidhaa kwa rafiki wa familia, maana mpira aliufungiwa. Mwishowe Newcastle wakakubali kumuuza Arsenal. Wewe na mimi tungeshukuru Mungu, tungenyamaza. Eastham hakunyamaza, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule unamzuia mtu kufanya kazi yake isivyo haki. Mlango ukafunguka kidogo. Kidogo tu, lakini ulifunguka.

Kwa hiyo mechi zake za mwanzo Trollope alizicheza akiwa hana ruhusa ya kuondoka hata angetaka. Zilizobaki, mamia kwa mamia, alizicheza mlango ukiwa wazi kiasi. Wachezaji wenzake walitoka, yeye akabaki nyumbani kwao. Mimi hizo za baadaye ndizo ninazozihesabu zaidi.

Na ninawauliza viongozi wangu, kwa heshima zote: kijana wa hapa akitaka kubaki, abaki kwa lipi? Mimi nimeichezea timu moja, sitaitaja, misimu mfululizo. Siku ya kuachwa nilijua kwa kusoma majina kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Mlinzi ndiye aliyenipa pole. Mishahara ya mwisho ninaidai hadi leo, na nimesamehe, ila sijasahau. Halafu kila mwaka tunasimama kwenye hafla kama hii tunasema vijana wa siku hizi hawana mapenzi na klabu. Mapenzi gani? Klabu iwe ya kwanza kuonyesha. Mshahara tarehe yake. Mtu akivunjika, gharama za hospitali zisipitishiwe kofia. Mkataba aupate kwa maandishi, nakala yake akae nayo mama yake.

Wapo waliodumu kwa njia nyingine kabisa, na hawa msiwadharau. Tony Ford alianza na Grimsby, mji wa wavuvi wa samaki kule mashariki, mwaka 1975, akiwa na miaka 16. Alimaliza mwaka 2001 akiwa Rochdale. Mechi 931 za ligi, hakuna mchezaji asiye kipa aliyefika hapo katika ligi za Uingereza. Alianza winga, miaka ikaenda, mbio zikapungua, akajifunza ubeki wa kulia. Stoke, West Bromwich, Bradford, Scunthorpe, Mansfield, alipita kote huko akibeba kazi yake begani. Mwenye timu moja na mwenye timu nyingi, wote wawili waliamka asubuhi wakaenda mazoezini. Mzazi anayeniuliza mwanawe ahame au abaki, mimi humjibu: nionyeshe kwanza daftari la mahudhurio.

Na huku chini kwenye madaraja hayo, msidhani hakuna wa kwetu. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth, kakulia kwenye klabu ya Portsmouth, amecheza Salford City, na anavaa jezi ya Taifa Stars. Hiyo Portsmouth ndiyo iliyokuwa na rekodi ya mechi nyingi za ligi kwa klabu moja kabla ya Trollope: Jimmy Dickinson, mechi 764 za ligi, ya mwisho aliicheza siku aliyotimiza miaka 40. Trollope alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 1978, akaingia kwenye kazi ya kufundisha, kisha akavaa tena jezi akaipita hiyo 764 mwaka 1980, akaiacha kwenye 770.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalimnyookea. Mwaka 1981 klabu ikampa ukocha mkuu. Msimu ulipoisha, 1982, Swindon ikashuka hadi daraja la nne, mara ya kwanza katika historia yake, mikononi mwa mtu aliyeichezea kuliko yeyote. Mwaka 1983 kiti akakiacha. Hakuna aliyemhurumia kwa sababu ya zile mechi 770. Msimamo wa ligi hausomi wasifu wa mtu. Baadaye akaendelea kulea vijana.

Rekodi yake ilikaa miaka arobaini na tatu. Mwaka 2023 Dean Lewington wa MK Dons akaipita. Naye namba tatu! Alianza mwaka 2003 timu ikiitwa Wimbledon, ikahamishwa mji mzima hadi Milton Keynes, ikabadilishwa jina, yeye akahama nayo, na mpaka leo mashabiki wa Wimbledon watakubishia kama ile ni klabu moja au mbili. Mimi ugomvi huo siuingii. Ninachojua ni kwamba Agosti 2014 alikuwepo MK Dons ilipoipiga Manchester United nne bila, na mwaka 2025 ndipo alipostaafu.

Mwenyekiti, naona saa. Nimalizie na kazi niliyoitiwa. Zawadi ya mfungaji bora ameshaitoa mgeni rasmi, na ya kipa bora. Kamati imekubali ombi langu la zawadi nyingine mwaka huu: jozi ya njumu na ada ya shule ya muhula mmoja, kwa kijana aliyecheza mechi zote za ligi hii bila kukosa hata moja na bila kadi nyekundu. Hatujamtangaza, na nadhani hata mwenyewe hajui. Katibu, naomba lile daftari. Nyie wa mbele, kaeni chini, nitasoma taratibu.